Babu Yako Anapangusa Ukungu

Mume wangu mdogo,

Hivi miguu yako imekatika, au huko uliko kuna bibi mwingine anayekubembeleza? Tangu mvua zianze hujakanyaga hapa. Jirani yetu fundi cherehani ananiandikia haya huku anacheka. Mwache acheke.

Kuku wanataga, paa halivuji tena. Lakini babu yako macho yamekuwa ya manjano. Mahindi yetu yaliota ukungu wa kijani, naye akawa anayapangusa kwa kitambaa, punje kwa punje, kisha anapeleka kusaga. Nikimkataza ananijibu, “Moto unaua kila kitu, mama.” Daktari kaniambia sumu ya ukungu ule haifi kwa moto. Inaingia kwenye ini, inaharibu chembe zake hai kidogo kidogo, na mtu bado anatembea.

Nikamwaga gunia zima shimoni. Jana nimemkuta humo, anaokota! Hospitali hataki, eti nimemchoka, nataka kumzika mapema. Situlii, mjukuu wangu. Nikikaa nasimama. Ni wewe tu anayekusikiliza.

Ukija usianzie kwangu kusalimia. Mpakie kwenye gari, hata akikutukana, mwende hospitali. Mimi mtanikuta huko, nimeshika foleni.

Bibi yako, mke mkubwa