Mimi Si Shangazi

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva ilikufikia, au amejichua mwenyewe? Sisi huku Johannesburg miili ni mizima, ila mimi roho imechoka.

Kwanza, mwambie mchungaji aache kutangaza kanisani kwamba nimefika Amerika. Niko hapa hapa Alexandra, chumba kile kile, cherehani ile ile. Mlango ukigongwa kwa nguvu bado tunanyamaza mpaka wale wanaowinda wageni wapite. Na mjomba ameshanitumia namba ya kiatu! Kiatu gani, Mama? Nifike kwanza.

Vipimo vya wakimbizi wa kwenda Amerika, mimi na Neema tulipita vyote. Tukafundishwa maisha ya kule, namna ya kuvaa wakati wa baridi, na kwamba mtoto haachwi nyumbani peke yake. Neema akawa ananiuliza kila siku kama theluji inalika. Mambo yaliharibika kwenye mahojiano ya mwisho. Afisa aliuliza kwa Kiingereza mtoto huyu ni nani kwangu, na mkalimani, dada mmoja Mkenya mwenye haraka zake, akanigeukia.

"Mama, wanauliza kama wewe ni shangazi ya huyu mtoto."

"Shangazi? Hapana! Miye siko shangazi yake hata kidogo. Baba yake hata simujui muzuri!"

Kumbe kwa Kiingereza shangazi na mama mdogo ni neno moja! Afisa akaandika kwamba nimekana undugu. Nilipoona uso wake umebadilika nikapaza sauti, "Miye niko mama yake!" Hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana kwenye fomu mama yake ni dada Furaha, tena marehemu.

Sasa majibu yametoka: mimi nimekubaliwa, Neema hapana. Eish, watu hawa! Mtoto nimemlea tangu hajaota jino, leo niambiwe si wangu kwa sababu ya neno moja? Nimewaambia bila Neema siendi. Wamenipa muda mfupi nilete ushahidi.

Neema aliisoma ile barua ya majibu kabla yangu, Kiingereza anakijua kunishinda. Tangu siku hiyo haulizi tena theluji. Jana nimemkuta amekunja nguo zangu zote, zake ameziacha kwenye kamba. Nikamgombeza, kisha nikalia.

Nisalimie mjomba, mwambie viatu vingoje. Nisalimie na mama mkubwa, yeye ataelewa hasira yangu.

Na wewe, Mama, mgongo ukiruhusu, kesho nenda ofisini kwa shefu wa mtaa akuandikie karatasi yenye muhuri. Aseme mimi na Furaha ni wa tumbo lako. Neno shangazi lisionekane popote. Aandike kwamba mimi ni mama mdogo wa Neema, na nafasi ikiwa ndogo, afute "mdogo". "Mama" aliache.

Ni mimi mtoto wako,
Riziki