Pengo Si Ugonjwa

Akiru mjukuu wangu, ejok!

Huku Kakuma tuko wazima na mbuzi wamezaa. Mama yako ndiye anayeniandikia, maana kalamu mimi siijui.

Sasa wewe! Umeshakuwa daktari wa meno, ukarudi chuoni kusomea kunyoosha meno, na leo unaniuliza kama uache, eti msichana wa kwetu alilia ulipotaka kumziba pengo. Ulimuuliza kwanza?

Miaka ya sabini nilimpeleka dada yangu Nakai kwa daktari Lodwar. Meno yake ya juu yalipandana, akawa hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja. Daktari akaniangalia mimi! Aliona pengo langu la chini, la meno tunayong'olewa utotoni ili tupendeze.

“Pole, dada. Nitakutengenezea meno.”

“Mgonjwa ni huyu!”

“Huyo ana meno yote.”

Nakai alizeeka hivyohivyo. Hakuna aliyejua kumnyooshea.

Mwombe msichana wako msamaha, umwachie pengo lake. Kisha urudi darasani upesi, mtoto mkaidi wewe. Nakai ana mjukuu aliyerithi meno yale, na nimeshamwambia akusubiri.

Nyanya yako anayekupenda hata akikugombeza