Nilikata Simu Mara Mbili, Wakasema Nimeruhusu

Shangazi wa safu hii, salamu kutoka Doha.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2018, siku ya Jumanne kabla ya saa sita mchana, nilipoteza mjukuu ambaye sikujua ninaye, na aliyetoa ruhusa ni mimi mwenyewe, na sikujua kama natoa ruhusa. Soma taratibu, Shangazi, kwa sababu hata mimi nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kabla ya kukutumia.

Mimi ni Mkenya, kwetu ni upande wa Webuye. Nilifika hapa 2011 nikianza na kusafisha vyumba, leo ndimi msimamizi wa chumba cha mashuka katika hoteli moja, nina wasichana tisa chini yangu, na ukinisukumia toroli nitakwambia taulo ngapi zimepungua kabla hujaanza kuhesabu. Hakuna aliyenishika mkono kufika hapa. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema ili ujue kwamba mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, ndiyo maana hili limeniuma hivi.

Nina mtoto mmoja, nitamwita Nafula ingawa si jina lake, ana miaka kumi na sita. Alipokuwa darasa la tatu aliumwa koo, tukadhani ni homa ya kawaida, kumbe ikashuka moyoni ikaharibu valvu, na tangu hapo ni sindano kila mwezi na kliniki ya moyo Eldoret, na baba yake alipoona mzigo umekuwa mkubwa akaenda kuoa kwingine. Ni moyo huo ulionileta Uarabuni. Mtoto anaishi na mdogo wangu, huyo nitamwita Hannah, hajaolewa na hana mtoto wa kumzaa, Nafula anamwita mama mdogo, na kusema kweli amemlea vizuri, sikatai, kumbukumbu ya tarehe za sindano anayo kuliko mimi.

Sasa nikueleze mambo ya simu. Kazini kwetu ukiwa zamu huruhusiwi kuonekana na simu, kwa hiyo mimi na Hannah, tangu enzi zile za mulika mwizi, visimu vya tochi, tuna makubaliano yetu. Akipiga nikakata mara moja, maana yake niko kazini, ngoja. Akipiga tena papo hapo nikakata mara ya pili, maana yake nimesoma meseji yako, sawa, fanya. Miaka saba tumeishi hivyo. Ng'ombe ameuzwa kwa kukata, paa limebadilishwa kwa kukata, mtoto amehamishwa shule kwa kukata. Zuhura, dada wa Unguja ninayekaa naye chumba kimoja hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, hunicheka kila siku, "Nyie Wakenya nyie, mwaendesha ukoo mzima kwa kukata simu! Mkioza binti je, atakatiwa mara tatu?"

Jumanne hiyo nilikuwa stoo, meneja amesimama mlangoni, meseji ikaingia nikaiiba kwa jicho moja: "Dada, Nafula tumbo limemzidi, pumzi inamkata, niko naye hospitali, daktari anataka ruhusa ya mzazi ndiyo amtibu leo. Tukubali?" Simu ikatetemeka mfukoni, nikakata. Ikatetemeka tena, nikakata. Niambie Shangazi, ni mzazi gani anasoma "pumzi inamkata" halafu anasema msimtibu?

Jioni nikapiga. Hannah akasema amelala, wamemsafisha tumbo, anaendelea vizuri. Kumsafisha tumbo! Mimi nikafikiria minyoo, nikafikiria chakula kibovu, nikamwambia ampe uji mwepesi. Mtu mzima mimi, nikashauri uji.

Wiki tano zilipita. Ijumaa moja niko dukani nachagua vitambaa vya kumpelekea mwanangu likizo yangu ikifika, nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa Nafula, nikauweka sikioni hapo hapo kwenye foleni. Anasema, "Mama, ni mimi. Mama mdogo alisema nisikusumbue lakini nimeshindwa. Nilimwambia daktari heri nife kuliko wewe ujue. Halafu mama mdogo akatoka nje na simu, akarudi, akasema, mama yako amekata mara mbili. Nililia, Mama. Nilijua utanigombeza mpaka nizeeke, lakini hata neno hukusema. Asante kwa kukubali. Asante kwa kunichagua mimi."

Niliacha vitambaa hapo hapo juu ya kaunta.

Nikampigia Hannah.

"Ulimwambia daktari nini?"

"Nilimwambia mama yake yuko Doha na amekubali."

"Amekubali nini, Hannah?"

"Dada, niliandika kumtibu. Na ile ilikuwa kumtibu. Daktari alisema ule moyo hauwezi kubeba mimba, ni wiki kumi na moja tu na miguu ishavimba, akilala chali hapumui."

"Na kwa nini hukuandika mimba?"

"Mtoto alikuwa amenishika mkono. Alisema nikiandika hilo neno anashuka kitandani anaenda zake. Ungekuwa wewe ungeandika?"

Nikakata, na kukata huko hakukuwa na maana yoyote ila hasira.

Nakubali mimi ni mkali. Kila Jumapili nilikuwa namwambia Nafula, ukipata mimba mimi narudi na ndege ya kwanza, kazi imekwisha, sindano zimekwisha, tutaona utaishi vipi. Nilisema hivyo kumlinda. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, na jambo kama hili kwangu si la kupitishwa mlango wa nyuma. Kijana aliyempa mimba ni wa darasa lake, wazazi wake wamemhamisha kimya kimya, wao nao walijua kabla yangu! Mimi niko na miaka arobaini na moja, na kutoka tu nchi hii kwenda kumwona mwanangu lazima kampuni inipe ruhusa kwa maandishi. Hapa hakuna mtu ananiruhusu kupanda ndege kwa kukata simu. Sasa jambo la damu yangu ndiyo lipitishwe hivyo?

Zuhura anasema, "Dada, mtoto yu mzima, khalas. Mkasirikie Hannah kwa kukosa adabu, lakini usimkasirikie kwa kumuokoa mtoto, hayo ni mambo mawili." Lakini mimi yananijia kama jambo moja.

Likizo yangu inaanza wiki ijayo. Nimepanga nikishuka niende polisi nimshtaki yule daktari na Hannah pia, kisha nimtoe Nafula kwa Hannah nimpeleke shule ya bweni. Na huyu mtoto, wiki mbili sasa sijamjibu. Anapiga, naangalia jina lake likiwaka mpaka linazimika, siwezi kupokea na siwezi kukata, kwa sababu nikikata sijui ataelewa nini. Anadhani nilimchagua. Nimwambie kwamba sikuchagua chochote, kwamba nilikuwa nakimbia meneja? Au ninyamaze niibebe sifa isiyo yangu? Na je, nishtaki? Usinizungushe.

Ni mimi,
Mama Nafula, Doha

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Nafula, pole. Naanza na pole kwa sababu baada ya hapo tutagombana kidogo.

Ulikosewa. Hilo sitaki mtu akuambie vinginevyo, hata Zuhura, ambaye namwona ana akili na ningefurahi kunywa naye chai. Hannah alikuwa na sababu ya kuficha lile neno asubuhi, mtoto amemshika mkono na daktari anasubiri. Jioni ulipompigia hakuwa na sababu tena. Hapo ndipo alipaswa kukwambia, ulie, umtukane, mlale hamjaongea, kesho muongee. Badala yake akakuachia ushauri wa uji. Mwambie hivyo, na umwambie kwa sauti unayotaka.

Lakini polisi? Kaa chini kwanza. Ukiingia kituoni kumshtaki daktari, mtu wa kwanza kuitwa ni nani? Ni Nafula. Ataketi kwenye benchi la kituo, na watu asiowajua watamuuliza alilala na nani na lini, na mama yake ndiye aliyempeleka pale. Kuhusu sheria, nimemuuliza wakili ninayemwamini. Katiba yetu inakataza kutoa mimba, lakini inaruhusu pale mhudumu wa afya aliyefunzwa anapoona uhai au afya ya mama iko hatarini. Mama katika habari hii ni mwanao. Na mlezi anayeishi na mtoto na kumpeleka hospitali, wewe ukiwa ng'ambo kwa miaka saba, huwezi kumwita mpita njia. Wakili anasema mahakamani ungehangaika sana. Mimi nasema nyumbani ungehangaika zaidi.

Na bweni nimelikataa. Nani alijua kwamba mtoto akilala chali hapumui? Mtu anayelala chumba cha pili. Unataka kumtoa kwa mtu huyo umpeleke penye matroni mmoja na wasichana mia mbili?

Sasa sogea karibu nikwambie lile ambalo halitakupendeza. Unauliza kwa nini hukuulizwa waziwazi. Uliulizwa na kujibu zamani, dada yangu. Kila Jumapili ulimjibu Nafula kabla hajauliza. Ulimwambia likitokea hili, kazi imekwisha, sindano zimekwisha. Najua hukumaanisha. Hata mimi nimewahi kuwaambia wanangu nitawafukuza, na usiku huo huo nikawafunika blanketi. Ila mtoto aliye mbali husikia maneno tu, blanketi halioni. Nafula alikuamini neno kwa neno, ndiyo maana akaona heri moyo usimame kuliko wewe ujue. Wenye sheria wanataka mtoto apate ruhusa ya mzazi, na mimi napenda hivyo, lakini mtoto anayemwogopa mzazi kuliko kifo hatakwenda kuomba hiyo ruhusa. Atakwenda kwa mama mdogo akiwa na bahati. Asipokuwa na bahati atakwenda kwa mtu wa vichochoroni, na hapo leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, ukishasoma hapa, mtumie Nafula sauti yako. Usimweleze chochote. Mwambie nimekusikia, nakupenda, nakuja, tutaongea uso kwa uso. Wiki mbili za kimya kwa mtoto mwenye moyo ule ni adhabu kubwa, na hujui hata unamwadhibu kwa kosa gani. Ukifika, nenda naye Eldoret wewe mwenyewe, uketi mbele ya daktari wa moyo, umuulize maswali yote unayojua kuuliza, pamoja na lile la njia ya kuzuia mimba inayofaa kwa moyo wake, hata kama kwaya ingeshangaa. Mpe Hannah namba ya simu ya ofisini kwenu kwa ajili ya dharura. Muombe meneja, hatakukataa, na akikataa muombe tena. Kuanzia sasa jambo la hospitali linasemwa kwa maneno kamili, mdomo kwa sikio.

Kumwambia ukweli, ndiyo, mwambie. Hannah na Nafula wanaishi nyumba moja, siku moja watagombana juu ya vyombo na ukweli utaruka kutoka kinywa kisichofaa. Utoke kwako. Mwambie sikujua, mwanangu, nilidhani ni tumbo. Lakini ukishasema hivyo, Nafula atakutazama, na atakuuliza jambo moja tu, na ukibabaika ataliona kabla hujafungua mdomo. Atakuuliza, na kama ungejua, Mama?

Nimesoma barua yako yote nikilitafuta jibu hilo. Umeniambia kuhusu kanisa, umeniambia kuhusu kampuni, umeniambia kuhusu wazazi wa yule kijana. Hilo hukuniambia. Nadhani ndilo linalokuzuia kupokea simu, si Hannah. Sitakuandikia jibu, maana si mimi niliyemzaa. Kama ni ndiyo, basi ile asante haikukosea mlango, ilitangulia tu kufika, na unaweza kuipokea bila aibu. Kama ni hapana, ni afadhali ulijue ukiwa Doha, ulie huko, Zuhura akufute machozi, kuliko mtoto akusomee usoni uwanja wa ndege.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Ijumaa huna zamu. Nitakuwa mezani kwangu, simu yangu iko chini ya safu hii kama kila wiki, na sitaki ukurasa mwingine, nataka neno moja. Daktari angekupigia mwenyewe Jumanne ile, akakwambia mimba, akakwambia wiki kumi na moja, akakwambia moyo: ungemruhusu au ungemkataza? Nijibu kabla ya saa nne asubuhi, Ijumaa.