Pini ya Kumi na Mbili

Baba Kidoti,

Usimvishe mtoto lile vazi la kipepeo kabla hujalipapasa lote! Mabawa niliyabana kwa pini kumi na mbili, na kwenye kopo zimerudi kumi na moja. Si ulinipokonya vazi lenyewe asubuhi, cherehani bado inazunguka, eti, "Ana miaka minne, nani atatazama mshono?" Nitautazama mimi! Wiki nzima nashona mpaka vidole vimeota sugu, na neno zuri hata moja sijalisikia.

Chai iko kwenye chupa. Onyesho la shule ni saa tisa. ~~Mimi siji, nenda naye mwenyewe.~~

Pini nimeiona, imenasa kwenye mkono wa blauzi yangu. Mvishe tu. Niwekee kiti cha mbele kabisa. Wewe kaa nyuma, huko mshono hauonekani.

Mama Kidoti