Macho Matatu

Kwa mdogo wangu, fundi wa kesho,

Kaka yako nimezaliwa na bahati. Mashine ya kuchomelea, hii inayojisukumia waya yenyewe, ilinikubali siku ile ile niliyoitoa kwenye boksi. Sasa nanunua kubwa zaidi, kwa hiyo hii nakutumia wewe, bure.

Ipe soketi yake peke yake, isigombanie umeme na friji. Kwangua rangi kwenye chuma mpaka king'ae ndipo ubane klipu ya ethi, ile ya kurudisha umeme kwenye mashine. Vaa barakoa ya kioo cheusi na glavu za ngozi, na petroli ikae mbali. Waya ukigoma kutoka, elekeza bunduki yake, ile unayoshika mkononi, sakafuni ndipo ubonyeze. Usichungulie tundu. Hata akikuambia nani, usichungulie.

Shemeji yako hajambo. Siku waya uliponigomea, yeye ndiye aliyeshika kifyatulio cha bunduki, mimi nimevua miwani nachungulia.

"Vipi, unatoka?" akaniuliza.

"Bonyeza tena, mama. Huu waya una aibu kama wewe siku ya harusi."

Akacheka, akabonyeza. Tangu hapo hajacheka.

Wanaocheka ni majirani. Si unakumbuka walivyoniita Macho Manne kwa sababu ya miwani? Jana kinyozi kapiga hesabu upya mbele ya wateja: Macho Matatu. Nilicheka kuliko wote, halafu nikajigonga mlangoni nikitoka.

Mashine kubwa sinunui. Waya ulitoka, ukaingia jicho la kulia, na daktari kaling'oa. Ile bahati ya pale juu nimekudanganya.

Kaka yako.