Namba Iliyobaki Kwenye Grupu ya Matanga

Mtaa wa Tena, Nairobi
9 Juni

Dada yangu Mutheu,

Nakusalimu sana. Mguu umepona? Na mvua, ilitosha kunde au ilikatika tena? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi. Sikupiga simu kwa sababu simu yako huiweka sauti ya nje hata ukiwa sokoni, na hili si la sokoni.

Unakumbuka ile grupu majirani waliyofungua kwenye simu Mueni wangu alipofariki. Baada ya mazishi hakuna aliyetoka. Kila mtu alimngoja mwenzake, maana hapa wa kwanza kutoka husemwa. Mwenyekiti wa matanga alipoandika asante, akaniachia usimamizi na kuondoka, wakamiminika nje siku hiyo hiyo. Mimi sikuweza. Ningekuwa kama namfungia Mueni mlango.

Tukabaki wawili: mimi na namba isiyo na jina, yenye picha ya ua. Nikaweka picha ya Mueni akipepeta maharagwe, ikaonyesha imesomwa. Nikaweka ile aliyovaa koti langu, mikono imemezwa na mikono ya koti. Ikasomwa papo hapo. Neno, hakuna. Nikaanza kushuku. Nani anamtazama mke wangu hivi? Nilitafuta namba hiyo kwenye simu yake, haimo. Nikawa nawachunguza wapangaji wanaume wa ploti yetu usoni tukichota maji.

Onyango, fundi wa viatu hapa langoni, alinicheka. "Buda, huyo ni jamaa wake wa zamani. Mtoe chap chap!"

"Na kama ni mtu wa kanisa?"

"Wa kanisa? Hao walitoka kabla chai ya matanga ipoe."

Nilicheka, lakini ilinichoma.

Alhamisi nikaweka picha ya kiondo alichokiacha kimesukwa nusu, nikaandika chini yake: "Wewe ni nani?" Ikaja sauti. Kuku, kikohozi, kisha mwanamke akimuuliza mtu, "Sasa hii nayo inazimwaje?"

Dada, ni mama mkwe. Lazima alipewa simu wakati wa matanga, akaingizwa humo, ndiyo maana Mueni hakuwa na namba hiyo. Sauti hiyo nimeisikia miaka yote kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, maana unajua heshima ya ukwe kwetu, hatujawahi kuketi chumba kimoja. Leo tuko humo wawili peke yetu, na mimi namuuliza yeye ni nani!

Tangu hapo amenyamaza, wala hajatoka. Sasa nashuku ananipima. Nikitoka kwanza, atajua nimemsahau binti yake, labda hata nimepata mwingine. Nikibaki, namvunjia adabu. Na akitoka yeye, nitamwonyesha nani picha zilizobaki?

Nakuomba uende kwake. Mwambie sikujua. Mwambie asitoke. Nitaingiza namba ya mwanao Kioko, uwe unasoma kwenye simu yake, mradi tusiwe wawili. Uketi katikati yetu kama ulivyoketi siku ya posa, ukipokea maneno huku na kuyapeleka kule.

Nisalimie baba mdogo, mchonga vinyago, na yule jirani yako mjane aliyenishika mkono kaburini. Kioko mwambie asiweke vichekesho humo.

Mkiomba jioni, mnikumbuke.

Ndugu yako,
Mutua