Picha Ilipokwama Mama Akitazama

Kaloleni, Voi

Mwanangu Wakesho,

Tumekuona! Tumekuona ukicheza voliboli huko Misri, moja kwa moja kwenye runinga, kwa mtandao.

Majirani walijaa sebuleni, nami kwa ukarimu nikawapa wote nywila ya waifai. Ulipokamata mpira uanzishe, picha ikakwama. Nilifungua ukurasa upya, nikapunguza ubora wa picha, wapi! Kumbe kila mgeni alikuwa amefungua mchezo uleule kwenye simu yake, kwa mtandao wetu.

“Zimeni simu zote!”

“Hata mimi, Mwalimu?” akauliza jirani yetu Oyugi. “Na nimeleta sukari?”

“Hasa wewe!”

Picha ikarudi, nawe ukaruka, ukapiga, ukapata pointi! Mama yako alisogea hadi pua ikagusa kioo. “Ndiye huyo! Amekonda, lakini ndiye!”

Hatukukuambia: jicho lake la kushoto halioni tena, na la kulia daktari hatoi ahadi. Mashindano yakiisha, usikawie Nairobi. Panda treni uje. Anataka kukutazama bila kioo katikati.

Ni mimi baba yako, mwenye furaha,
Mwalimu Mwakio